Wewe Mrefu wa Kitengela, Basketi Inalipa Wapi? Muulize Ongwae

Ukiwa mrefu hapa Kitengela ushaambiwa mara mia: "Si uende ucheze basketi!" Sawa. Lakini doo iko wapi?

Cheki Tylor Ongwae. Februari 2021 kule Yaoundé, mechi ikiisha, jamaa aliachilia shuti na Kenya Morans wakalaza Angola 74-73. Angola, manze, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11! Tukarudi AfroBasket baada ya miaka 28.

Hiyo shuti kila mtu anaijua. Njia yake ndio wengi hawaijui. Ongwae alitokea Friends School Kamusinga, akavuka Marekani kuchezea chuo cha Louisiana Monroe, kisha akasaka mkate Ulaya, ikiwemo Bakken Bears ya Denmark. Si NBA, lakini ni kazi.

Sasa ona Iceland. Nchi nzima haifikishi watu 400,000; Kajiado pekee, sensa ya 2019 ilipata zaidi ya milioni 1.1. Na bado Tryggvi Hlinason, mtoto wa wafugaji wa kondoo, mita 2.16, alianza basketi akiwa tineja. Klabu ya mji wa Akureyri ikamnoa, akaishia Uhispania. 2025 akabeba FIBA Europe Cup na Bilbao.

Wafugaji tunao. Warefu tunao. Kwao ngazi ni klabu ya mtaa. Kwetu bado ni shule. Kaunti ikijenga viwanja bila makochi, ni saruji tu. Na wewe msee, kabla hujasaka viatu, saka shule yenye timu.