Tunachangia safari ya India, vidonge je?

Mwezi jana niliongezwa kwenye kundi jingine la WhatsApp la mchango. Safari hii mgonjwa ni binamu yangu, miaka 29, mwendeshaji bodaboda hapa Kayole. "Moyo umefeli, tumpeleke India apandikizwe mwingine," aliandika msimamizi. Kufikia jioni watu walikuwa wametuma, tena na ya kutoa.

Nami nilituma. Lakini nina neno.

Moyo kufeli si moyo kusimama. Ni pampu iliyochoka: inasukuma damu, ila si ya kutosha, na maji yanajaa kwenye mapafu na miguu. Ndiyo maana binamu alikuwa akihema kupanda ghorofa moja tu, viatu vinambana jioni, na usiku analalia mito mitatu. Sisi tulimcheka, eti "Buda, umezeeka!"

Kwake chanzo kilikuwa presha ambayo hakuwahi kupimwa. Kwa wengine ni pombe kupita kiasi, virusi, au maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa yakaharibu vali za moyo. Akina mama wengine hupatwa mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua.

Mwaka jana alilazwa, akaanzishiwa vidonge: vya kutoa maji mwilini, vya kushusha presha na kuupunguzia moyo mzigo. Akapata nafuu, akarudi stejini. Baada ya miezi mitatu pesa zikaisha, na kwa kuwa alijiona yuko fiti, akaacha dawa. Hakuna aliyefungua kundi wakati huo. Nani achangie vidonge?

Hapo ndipo tunapokosea, wasee. Kupandikizwa moyo kunaokoa maisha, lakini ni hatua ya mwisho, dawa na matibabu mengine yakishindwa. Tena moyo hauuzwi dukani. Lazima mtu awe amefariki, familia yake ikubali, na damu na kimo cha mwili vioane. Huko India, raia wao ndio hupewa kwanza. Na aliyepandikizwa humeza dawa kila siku maisha yake yote ili mwili usiukataa moyo huo. Yaani hata ukivuka bahari, vidonge vinakungoja.

Daktari wake amesema arudie dawa kwanza, kisha apimwe upya. Kwa hivyo nimependekeza kundi lisifungwe: kila mwezi tutoe kidogo kidogo, tumnunulie dawa, na mmoja wetu amsindikize kliniki. Wawili wameunga mkono. Wengine wamesoma na kunyamaza.

Sijakata tamaa. Wewe nawe ukiwa na mgonjwa kama huyu, muulize leo kama dawa zimebaki. Halafu pitia zahanati upimwe presha. Haichukui hata dakika tano.