Baridi imeingia, tubadilishane mapishi

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku katika milima ya Bururi, Mwaro na Muramvya huwa na baridi ya kutosha kumkusanya kila mtu jikoni. Ndiyo miezi ambayo maharage yaliyopandwa Februari na Machi yameshavunwa. Kwa maoni yangu, hakuna wakati mzuri zaidi wa kujaribu mapishi mapya nyumbani.

Linalonisikitisha ni kejeli. Ndugu zetu waliorudi kutoka Tanzania wakipika walivyozoea, majirani husema hicho ni "chakula cha kambini". Hii si haki. Mama aliyeishi Mtabila au Nyarugusu amerudi na ujuzi.

Chukua mfano wa kande. Ni mahindi yaliyokobolewa na maharage, vitu tunavyolima wenyewe. Viloweke usiku kucha ili kuokoa kuni, vichemshe pamoja hadi vilainike, kisha uunge kwa kitunguu na mawese ya Rumonge. Hapo Kigoma na Burundi zimekutana katika chungu kimoja.

Nanyi wafanyabiashara mnaovuka Mugina kwenda Manyovu, msilete bidhaa tu. Ulizeni pia huko zinapikwaje, mje mtueleze.

Waliorudi nao wasiikatae sombe na ndagala za hapa. Ndugu msomaji, jirani akikukaribisha, onja kwanza. Tukicheka chungu cha aliyerudi, tunamfanya mkimbizi mara ya pili, safari hii akiwa kwao.