Shimo la Changarawe ni Mdomo wa Kisima

Mchimba kokoto akimaliza kazi yake huondoka, na shimo hubaki. Wengi wetu hudhani kwamba shimo hilo halifai tena ila kutupiwa takataka. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa kubwa, na historia ya bustani moja ya mji wa Fremont, katika jimbo la California, Marekani, yatosha kulithibitisha.

Bustani hiyo huitwa Quarry Lakes. Ina eneo la hekta 180 hivi, na watu huenda huko kuogelea, kuvua samaki na kutembea. Lakini maziwa yake si ya asili. Tangu karne ya 19 watu walichimba changarawe iliyoletwa na mto wa Alameda Creek, na sehemu yake ilitumika kujengea reli iliyovuka bara la Amerika. Mashimo yaliyobaki ndiyo maziwa ya leo.

Wakati uchimbaji ukiendelea, mashamba na miji ya jirani ilivuta maji ya visima kwa wingi kuliko mvua ilivyoweza kuyarudisha. Kufikia miaka ya 1920, maji ya chumvi ya Ghuba ya San Francisco yalikuwa yameanza kupenya visimani. Sababu yake yaeleweka: maji matamu yaliyomo ardhini huyazuia maji ya bahari, yakipungua, bahari husonga mbele.

Mamlaka ya maji ya wilaya hiyo, iliyoundwa mwaka 1914, ilianza mwaka 1962 kupokea maji kutoka mbali na kuyaachilia yanywee ardhini. Changarawe hupitisha maji upesi. Basi mashimo yaliyoonekana kuwa majeraha ya nchi yakawa milango ya kurudishia maji. Mabwawa ya mpira, ambayo hujazwa hewa, huukinga mto ili maji yaelekezwe mashimoni. Bustani yenyewe ilifunguliwa mwaka 2001. Kuogelea, kwa hiyo, ni faida ya ziada. Kazi ya kwanza ya maziwa hayo ni kulisha visima.

Tusidhani kwamba tiba hiyo ilikuwa nyepesi. Mwaka 2003 ilibidi kijengwe kiwanda cha kuondoa chumvi katika maji ya visima vilivyoharibika. Hata ziwa la kuogelea limepata kufungwa kwa sababu ya bakteria wa kijani-buluu, ambao hutoa sumu.

Nasi tuna somo hapa. Visima kadhaa vya pwani ya Dar es Salaam vimekwisha ingia chumvi, hali mashimo ya mchanga na kokoto yanaachwa wazi au kujazwa uchafu. Shimo linalopokea maji kwa wepesi hupokea sumu kwa wepesi ule ule. Anayelitupia taka huzitupa katika mtungi wa jirani yake. Hapana budi kila kibali cha kuchimba kieleze shimo litafanya kazi gani baadaye.

Walimu wanaweza kuanza leo. Wanafunzi wapime kina cha maji katika kisima cha shule, kiangazi na masika, na kuandika vipimo hivyo mwaka baada ya mwaka. Taifa lisilojua hesabu ya maji yake litaijua siku litakapoonja chumvi.