Mbwa Aliyevimba Tezi: Apimwe Kwanza

Mbwa wa mchungaji wa Lingeka, mkoani Simiyu, ni mfanyakazi asiyelipwa mshahara. Usiku hulinda zizi, mchana hufuata ng'ombe malishoni, na jioni hungoja makombo ya ugali. Mnyama huyu anapoanza kukonda, naye mwenye mji akampapasa chini ya taya na kukuta matezi mawili makubwa, hukumu huweza kutolewa upesi: amezeeka, au ameshikwa na kichaa, basi na auawe.

Katika makala haya nataka kutetea jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona kuwa ni la anasa, yaani kwamba mbwa huyo anastahili kupimwa. Sisemi kwamba anastahili kila dawa iliyopo duniani. Nasema apimwe, na sababu zangu si za huruma peke yake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwili wa mbwa, kama wa binadamu, una chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, ambazo ni askari wa kinga. Chembe hizi hukaa katika tezi, wengu, uboho wa mifupa na damu. Ikitokea mojawapo ikaharibika katika maagizo yake ya urithi na kuanza kujigawa bila kikomo, saratani huzaliwa. Ikianzia katika tezi au katika viungo kama wengu, huitwa limfoma. Ikianzia katika uboho na kumwagikia damuni, huitwa lukemia. Limfoma ni miongoni mwa saratani zinazowapata mbwa mara nyingi zaidi. Katika mbwa wapatao wanne kati ya kila watano wenye ugonjwa huo, tezi za nje huvimba mwili mzima: chini ya taya, mbele ya mabega, nyuma ya magoti. Uvimbe ni mgumu na hauna maumivu, na mnyama huenda akaonekana mzima kwa muda. Asipotibiwa, aghalabu hufa katika mwezi mmoja au miwili. Lukemia kali huua upesi zaidi. Iko na lukemia ya polepole, ambayo mbwa mzee anaweza kuishi nayo hata zaidi ya mwaka kwa vidonge vya klorambusili na prednisoloni.

Hapa ndipo Simiyu inapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani. Huko, daktari akikuta tezi zote zimevimba, limfoma ndiyo humjia kwanza akilini. Kwetu hapana budi afikiri kwanza kupe na mbung'o. Kupe wa kahawia, yule anayejificha ndani ya masikio ya mbwa na katika nyufa za kuta, huleta bakteria aitwaye Ehrlichia canis, ambaye huingia ndani ya chembe nyeupe zenyewe. Mbwa hupata homa, hukonda, huvimba tezi na wengu, na pengine hutokwa damu puani. Mbung'o naye hueneza vimelea vya nagana, na mkoa huu umepakana na mbuga ya Serengeti na una Pori la Akiba la Maswa ndani yake. Mbwa mwenye vimelea hivyo huvimba tezi, huishiwa damu, na mara nyingine macho yake hufanya ukungu wa samawati. Kwa jicho la kawaida magonjwa haya hayatofautiki na saratani. Ehrlichia huweza hata kuongeza limfosaiti katika damu mpaka mtu adhani ni lukemia. Ilhali ugonjwa huo wa kupe hutibiwa kwa doksisaiklini, dawa ya kawaida katika maduka ya dawa, kwa majuma manne hivi chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Yakini, mnyama aliyehukumiwa kufa kwa saratani huenda anaumwa ugonjwa wenye dawa.

Namna ya kutofautisha haihitaji mashine kubwa. Daktari huchoma tezi kwa sindano nyembamba, huvuta chembe kidogo, huzitandaza juu ya kioo, huzikausha na kuzitia rangi ya Giemsa, ileile itumikayo kupimia malaria katika zahanati. Chini ya hadubini, tezi iliyovimba kwa sababu ya vijidudu huonyesha mchanganyiko: limfosaiti ndogo nyingi, kubwa chache, na chembe za aina nyingine kati yao. Tezi yenye limfoma huonyesha umati wa chembe za namna moja, aghalabu kubwa kuliko kawaida, kana kwamba zimepigwa chapa. Tone la damu likitandazwa kando yake, huenda vimelea vya nagana vikaonekana vimelala kati ya chembe nyekundu. Daktari asiyeridhika na jicho lake anaweza kupeleka vioo vilivyokauka kwenye kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari jijini Mwanza, au katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kioo hakiozi, husafiri kwa basi.

Ninalolilaumu zaidi ni sindano ya haraka ya prednisoloni au dawa za jamii yake. Tezi hunywea, mbwa hula, kila mtu hushangilia. Lakini ikiwa ni limfoma, dawa hiyo ikitangulia peke yake huficha ugonjwa usionekane vizuri katika hadubini, na huzoeza saratani kustahimili dawa zitakazofuata. Ikiwa ni vijidudu, imepunguza kinga wakati ambapo kinga inahitajika.

Baada ya kupimwa, je, atibiwe? Tiba kamili ya limfoma ya mbwa huchanganya vinkristini, siklofosfamidi, doksorubisini na prednisoloni, kwa majuma 19 au 25. Mbwa wanane au tisa kati ya kumi hupata nafuu kubwa, na kwa wastani huishi karibu mwaka mmoja. Wanaopona kabisa ni wachache. Vinkristini inatokana na ua la waridi au jeupe la Madagaska, ambalo msomaji huenda analo bustanini pasipo kulijua. Huko Kanada katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer walilichunguza kwa kutafuta dawa ya kisukari, wakakuta kwamba utomvu wake hupunguza chembe nyeupe za panya. Kutokana na mmea huo zikapatikana vinblastini na vinkristini.

Hata hivyo, kwa Lingeka nasema tiba hiyo ndefu isitolewe. Doksorubisini hudhuru moyo. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama. Na mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo na kinyesi kwa siku kadhaa, katika uwanja uleule ambamo watoto hucheza. Zaidi ya hayo, vinkristini na siklofosfamidi ndizo hutumika kutibu limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, na ambao watoto wa kanda yetu ya ziwa hutibiwa Bugando. Akiulizwa nani atangulie, sidhani mchungaji mwenyewe atasita. Mbwa mwenye limfoma apewe nafuu kwa prednisoloni, safari hii kwa kujua, kisha kifo kisicho na mateso.

Naacha mlango mmoja wazi. Iko saratani nyingine ya mbwa, ile inayoambukizwa kwa kupandana, ambayo kwa kawaida huota katika sehemu za uzazi. Hiyo mara nyingi hupona kwa vinkristini peke yake, mara moja kwa juma, kwa majuma machache. Kuwatendea wagonjwa wa aina mbili sawasawa kwa kuwa wote wana saratani ni kukosa hesabu.

Wapo watakaosema kwamba fedha zote za mbwa ziende kwenye chanjo ya kichaa. Kwa fedha nakubali bila ubishi, maana ugonjwa huo huua watu, na mbwa wasipochanjwa kwa asilimia 70 hivi hauzuiliki. Lakini siku ya chanjo ndiyo siku pekee ambayo mamia ya mbwa huletwa mahali pamoja. Kupapasa tezi huchukua nusu dakika. Bariadi ni nchi ya pamba, na pamba hunyunyiziwa dawa za wadudu. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliandika kuwa mbwa wa nyumba zilizotumia dawa fulani ya magugu walipata limfoma zaidi; wengine walipinga hesabu zao. Nasi tutabishana kwa msingi gani ikiwa hatujahesabu hata mbwa mmoja?

Ndugu walimu wenye hadubini shuleni wanaweza kuomba vioo vilivyokwisha kutiwa rangi kwa somo la damu. Wanafunzi wasimguse mbwa mgonjwa, sembuse kumchoma sindano. Afisa mifugo naye angeanza na daftari moja la siku ya chanjo, lenye safu nne tu: umri wa mbwa, tezi zilizovimba, kupe waliokutwa, na dawa iliyopuliziwa shambani msimu uliopita.