Eropleni Ijengwe Kwanza kwa Hesabu

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuionapo eropleni angani hudhani ya kuwa hutengenezwa kama chupa za soda: mashine yatema chupa elfu zilizo sawasawa, kisha mwenye fedha huja akachukua. Sivyo hata kidogo. Eropleni kubwa ya abiria ni kama nguo ya kushonesha. Kampuni huagiza miaka mingi mbele, nayo husema inataka viti vya namna gani, jiko likae wapi, na vyoo viwe vingapi. Uganda Airlines ilipoagiza Airbus A330-800 mbili, ilitaka viti 258 vya madaraja matatu: 20 vya daraja la juu, 28 vya daraja la kati, na 210 vya kawaida. Ya kwanza ilitua Entebbe Desemba 2020, na ya pili Februari 2021. Tena Emirates ya Dubai ilitaka hata bafu za kuogea ndani ya A380 zake, ili matajiri waoge mawinguni. Mimi sioni haja yake, lakini mwenye kulipa ndiye achaguaye.

Kwa maoni yangu, kiwanda chenye kazi ya namna hii hakina budi kuijaribu kazi yake kwa hesabu kabla ya kuifanya kwa mikono, na elimu hiyo yatufaa hata sisi tusio na kiwanda cha eropleni.

Mwaka 1936 mhandisi wa Marekani, T. P. Wright, aliandika juu ya gharama za kujenga eropleni. Aliona ya kuwa kila idadi ya eropleni zilizojengwa inapozidi mara mbili, wastani wa kazi ya mikono kwa eropleni moja hushuka ukafika kama asilimia 80 ya ule wa kwanza. Yaani, ikiwa kumi za kwanza zilikula saa 100 kila moja (namba hii ni ya mfano tu), basi ukihesabu mpaka ya ishirini wastani utakuwa saa 80, na mpaka ya arobaini saa 64. Sababu yake huijua kila mtu aliyewahi kusuka mkeka: mkono huzoea. Lakini mkono huzoea kazi iliyo moja. Kama eropleni ya leo ina majiko mawili na ya kesho ina matano, na waya zake zapita njia nyingine, fundi huanza tena kusoma mchoro kama mgeni.

Tuseme kiwanda kina vituo sita, na kila baada ya siku tano eropleni zote husogea mbele kituo kimoja. Eropleni ya kawaida yahitaji siku nne na nusu katika kituo cha nne, ambako waya hufungwa. Mara inakuja moja ya wale waoga mawinguni, nayo yahitaji siku saba. Zilizo nyuma yake haziwezi kusogea, na mafundi wa mbele hukaa wamekunja mikono, na mshahara wao unakwenda. Ikiwa eropleni ya namna hiyo ni moja katika kila kumi, meneja akitazama daftari lake ataona wastani wa siku nne na robo tatu, chini ya tano, naye atasema mambo ni mazuri. Wastani hauonyeshi foleni.

Hapo ndipo inapoingia elimu ya kuiga kazi kwa hesabu. Si elimu mpya. Katika miaka ya 1950 Mwingereza K. D. Tocher aliiga kwa kompyuta kazi za viwanda vya chuma vya United Steel, na katika miaka ya 1960 Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitunga lugha ya kompyuta iitwayo Simula kwa ajili ya kazi za namna hiyo. Mwenye kuiga huandika kila kituo, idadi ya mafundi, na vifaa vinavyongojewa. Kwa kila kazi haandiki muda mmoja, bali muda mfupi kabisa, ule wa kawaida, na mrefu kabisa. Kisha kompyuta hupiga kura kwa kila eropleni, kama mtu arushaye dadu, ikaipitisha toka kituo hata kituo. Mwaka mzima wa kiwanda hupita kwa dakika chache, halafu hurudiwa mara elfu. Basi mtu aweza kuuliza maswali ambayo kuyauliza kwa watu na chuma ni hasara. Eropleni mbili nzito zikifuatana, itakuwaje? Tukizitenga kwa nyepesi nne katikati yao? Viti vikichelewa wiki tatu?

Swali la viti si mzaha. Mwaka 2015 na 2016 viti na vyoo vilivyotoka kampuni ya Zodiac Aerospace vilichelewa, na Airbus A350 zikachelewa kukabidhiwa kwa wenyewe. Mabawa tayari, injini tayari, choo hakuna!

Najua wako watakaosema ya kuwa kupigia kura mambo yajayo ni ramli. Tofauti yake ni hii: mpiga ramli hukuambia jibu moja wala hakuonyeshi hesabu, na huyu hukuonyesha kila namba aliyoitia, nawe waweza kuikataa moja moja. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya wale wasemao kwamba kampuni kubwa zilikuwa na kompyuta tele, na bado zilianguka. Hiyo ni kweli, tena yafaa tuitazame.

A380 moja ilikuwa na waya za urefu wa kilomita 530 hivi. Wahandisi wa Hamburg walichora kwa toleo moja la programu ya michoro, na wenzao wa Toulouse kwa toleo jipya zaidi la programu ile ile. Mwaka 2006 vipande vilipokutanishwa Toulouse, waya nyingine zilikuwa fupi, hazikufika mahali pake. Ikabidi mafundi wa Kijerumani wapelekwe Ufaransa kuzifunga upya kwa mikono, na kila mnunuzi alikuwa na mpango wake wa ndani, kwa hiyo dawa ya eropleni moja haikuponya nyingine. Wakubwa walijiuzulu. Oktoba ya mwaka huo EADS, iliyomiliki Airbus wakati ule, ilikadiria kwamba faida yake ingepungua kwa euro bilioni 4.8 mpaka mwaka 2010. Eropleni ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007. Najua mchoro wa umbo si sawa na uigaji wa muda wa kazi. Lakini ugonjwa ni mmoja. Kompyuta ilikubali kila ilichoambiwa, na hakuna aliyekwenda mapema na kamba kupima kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo.

Na muda huharibika upesi kuliko waya. Msimamizi akiulizwa kazi fulani huchukua siku ngapi, naye ajua mkubwa wake hupenda kusikia tatu, atasema tatu. Tatu itaandikwa, na hesabu itatoka safi, nayo ni uwongo tangu mwanzo. Wakati mwingine mkubwa mwenyewe huanza na tarehe. Boeing iliitoa 787 mbele ya watu tarehe 8 Julai 2007, kwa sababu Wamarekani huandika mwezi kwanza, nayo husomeka 7/8/07. Kwa nje ilipendeza, kumbe ndani sehemu nyingi hazijatiwa. Iliruka mara ya kwanza Desemba 2009. Kalenda ilisifiwa kuliko fundi. Kwa hiyo nasema, anayetaka uigaji ulio kweli na awaulize kwanza wenye kushika nyundo, tena awahakikishie hawataadhibiwa kwa jibu lao.

Msinisadiki bure, jaribuni. Watu watano wakae mstari mmoja, wa kwanza awe na bakuli la mahindi. Kila mmoja kwa zamu arushe dadu, akampitishie jirani punje nyingi kadiri ya namba iliyotoka, lakini asipitishe zaidi ya alizo nazo. Fanyeni mizunguko 20. Wastani wa dadu ni tatu na nusu, kwa hiyo mtatazamia punje 70 mwisho wa mstari. Karibu kila mara zitapungua, na zilizobaki mtazikuta zimelundikana katikati, mbele ya mtu ambaye hakufanya kosa lolote. Kisha changanyeni maharage machache: kila haragwe lihesabiwe kama punje mbili, maana hilo ndilo eropleni nzito. Yafuatanisheni yote mwanzoni, mwandike matokeo. Halafu yatawanyeni, mwandike tena. Rudieni mara nyingi, msiamini mara moja. Mtakuwa mmefanya kwa vidole ile kazi ambayo kompyuta huifanya kwa haraka.

Naomba chama chetu cha hesabu kiufanye mchezo huu muhula ujao, kisha kiende kwa fundi seremala anayetengeneza vitu kwa kuagizwa. Leo huletewa kitanda, kesho kabati la vioo, keshokutwa mlango wa kanisa, na wateja humgombeza kila Jumamosi kwa kuchelewa. Tumwombe ruhusa, tupime kila kazi yake kwa wiki tatu, tumwonyeshe foleni inaanzia wapi: katika msumeno, au katika kungoja vioo vitoke mjini. Saa ninayo. Mahindi na maharage tutaomba jikoni, kikombe kimoja kimoja chatosha.