Simba wa Shanga na Somo la Kaole

Mgeni afikaye kwenye magofu ya Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji wa Bagamoyo, huonyeshwa msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo yaliyopambwa zamani kwa mabakuli ya Kichina. Kasumba ya kikoloni ilitufundisha kuyatazama mabaki hayo na kuuliza: ni wageni gani waliojenga hapa? Swali hilo ni potofu, na kitu kidogo cha shaba kinatosha kulisahihisha.

Katika miaka ya 1980, wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton walifukua kijisanamu cha simba huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Kenya. Kilitengenezwa yapata mwaka 1100, kwa mtindo wa Bara Hindi. Lakini Shanga, kama Kaole, ulikuwa mji wa Waislamu wa pwani hii. Walikuwa na msikiti wao tangu zamani, na vyungu vyao vingi vilifinyangwa na mikono ya wenyeji. Simba yule hakuujenga mji; aliukuta umesimama, akapokewa.

Wala wazee wetu hawakuwa watu wa kupokea tu. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa katika karne ya 14, ilikutwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, bara, mbali na bahari. Watu wanaogonga sarafu yao wenyewe wanashiriki biashara ya dunia; hawaburuzwi nayo.

Ushahidi huu ni rahisi kupotea. Bakuli likivunjika, vigae hubaki. Shaba ikiyeyushwa, hakibaki kitu. Leo misingi ya nyumba inachimbwa kila mahali kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi umri wa kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, lakini sheria isiyojulikana kijijini haimlindi simba yeyote.

Kwa hiyo wajibu ni wetu. Mtumishi wa serikali anayesimamia ardhi na ujenzi awaeleze wananchi sheria hiyo. Mwalimu naye awapeleke wanafunzi Kaole, awafundishe kuuliza swali lililo sahihi: wenyeji wa hapa walibadilishana nini na dunia, na kwa masharti gani? Mwacha asili ni mtumwa. Na asili yenyewe huweza kuuzwa kwa kilo.