Usiku wa Vera Rubin: Heshima Kamili na Heshima Nusu

TAREHE 23 Juni, 2025, watu katika nchi nyingi walikusanyika kwenye vituo vya kutazamia nyota, makumbusho na vyuo vikuu ili kuziona kwa mara ya kwanza picha za anga zilizopigwa na kituo kipya kilichojengwa juu ya mlima Cerro Pachón, nchini Chile. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Kituo hicho kina darubini yenye kioo cha kipenyo cha mita 8.4 na kamera ya megapikseli 3,200. Katika muda wa saa kumi hivi tu za kutazama, kiliyaona mawe 2,104 yanayolizunguka jua ambayo hayakuwa yamejulikana kabla ya hapo.

Kituo hicho kinaitwa kwa jina la mwanamke, Vera Rubin. Sheria ya kukipa jina hilo ilipitishwa nchini Marekani mwezi Desemba 2019, nacho kikawa kituo cha kwanza cha kitaifa nchini humo kubeba jina la mwanamke. Mwaka huo huo wa 2025 sura yake ikawekwa pia kwenye sarafu ya Marekani ya senti 25. Basi mkusanyiko ule haukuwa wa kutazama nyota peke yake, bali ulikuwa pia wa kumkumbuka mtu. Nasi tunapenda kuuliza swali moja: mtu anapoheshimiwa namna hii, ni kitu gani hasa kinachoifanya heshima hiyo ikamilike?

Kwanza tujue alifanya nini. Sayari zinazolizunguka jua hutofautiana mwendo. Utaridi, iliyo karibu na jua, hukata takriban kilomita 47 kwa sekunde, na Zohali, iliyo mbali, takriban kilomita 10 tu, kwa kuwa mvutano wa jua hupungua kadiri masafa yanavyoongezeka. Wataalamu walitarajia hali kama hiyo katika galaksi, yaani ile mikusanyiko mikubwa ya mabilioni ya nyota: kwamba zilizo ukingoni zitakwenda polepole kuliko zilizo karibu na kitovu. Mwaka 1970 Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walichapisha vipimo vya sehemu 67 za galaksi ya Andromeda, na vipimo vikaonesha kwamba mambo sivyo. Zilizo ukingoni zilikwenda kwa kasi karibu sawa na zilizo ndani. Walipoendelea kuzipima galaksi nyingine, wakaliona jambo lile lile.

Maana yake ni nzito. Lazima kuwe na kitu kingine chenye uzito mkubwa, kisichotoa nuru wala kuonekana kwa darubini yoyote, ambacho mvutano wake unazizuia nyota hizo zisitawanyike. Kitu hicho wataalamu wamekiita maada ya giza, na hadi leo hakijajulikana ni nini. Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba Vera Rubin hakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hilo. Fritz Zwicky alikwisha kuligusia mwaka 1933, lakini wengi hawakulitilia maanani. Vipimo vya bibi huyu na wenzake ndivyo vilivyowafanya wanafalaki wengi washindwe kuendelea kulipuuza.

Ama njia aliyoipita mpaka kufika hapo, hiyo nayo ni sehemu ya habari yake. Alizaliwa mwaka 1928. Akiwa msichana mdogo mjini Washington alizitazama nyota kupitia dirisha la chumba chake, na baba yake akamsaidia kutengeneza darubini. Mwaka 1948, alipotaka kuendelea na masomo ya juu, Chuo Kikuu cha Princeton kilikuwa hakipokei wanawake katika shahada za juu za falaki, na kiliendelea hivyo hadi mwaka 1975. Alisoma kwingine, na shahada ya udaktari akaipata Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1954, akiwa tayari ni mama wa watoto. Masomo yalikuwa ya usiku na yeye hakujua kuendesha gari. Mumewe, Robert Rubin, alimpeleka chuoni, akala chakula chake cha jioni ndani ya gari akimsubiri, na wazazi wa Vera wakabaki na watoto. Tunayataja haya makusudi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba mwanamke akitafuta elimu ni lazima nyumba ibomoke. Nyumba hii haikubomoka. Watoto wake wanne wote walifikia shahada ya udaktari.

Kisha ukaja mlango wa Palomar, kule California, palipokuwa na darubini kubwa kuliko zote za zama hizo. Fomu ya maombi ilieleza kwamba, kwa uchache wa huduma zilizopo, maombi ya wanawake hayawezi kupokelewa. Huduma yenyewe iliyokosekana ilikuwa choo! Kabla yake, mwanafalaki Margaret Burbidge alilazimika kufanya kazi katika kituo jirani cha Mount Wilson akihesabiwa kuwa msaidizi wa mumewe, hali kazi ni yake. Vera Rubin ndiye mwanamke wa kwanza kuruhusiwa rasmi kutumia darubini za Palomar, mwaka 1965. Inasimuliwa kwamba alikata karatasi kwa umbo la sketi, akaibandika juu ya picha ya mwanamume iliyokuwa kwenye mlango wa choo, akasema: sasa choo cha wanawake kipo.

Msomaji atacheka, lakini na atafakari pia. Ni usiku mingapi wa kutazama anga iliyopotea, na ni akili ngapi zilizorudishwa mlangoni, kwa udhuru ulioweza kuondolewa kwa kipande cha karatasi?

Sasa tufike kwenye jambo la leo. Mwezi Januari 2025, baada ya serikali mpya ya Marekani kutoa amri ya kufuta mipango ya kuyapa nafasi makundi yaliyoachwa nyuma, maelezo ya maisha ya Vera Rubin yaliyokuwa kwenye tovuti ya kituo chenye jina lake yalibadilishwa. Shirika la habari la ProPublica lilieleza kwamba maneno yaliyosema kuwa sayansi bado inatawaliwa na wanaume, na kwamba kituo kinajitahidi kuongeza ushiriki wa wanawake, yaliondolewa. Miezi mitano baadaye ndipo ulimwengu ukaalikwa kusherehekea picha.

Wanaoiunga mkono amri hiyo wana hoja: wanasema elimu haipaswi kumpendelea mtu kwa kuwa ni mwanamke au mwanamume. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Lakini kusimulia kwamba mlango ulifungwa si upendeleo, ni historia. Na bibi huyu hakuishia kuyasikitikia yaliyompata. Aliitumia sehemu kubwa ya umri wake kuwatetea wanawake wengine wanafalaki, mpaka alipofariki Desemba 2016. Kumtaja kwa galaksi zake na kuunyamazia utetezi wake ni kumpa nusu ya haki yake. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sisi Waislamu tunao mfano wa hasara ya kuandika nusu. Katika karne ya nne Hijria, mjini Aleppo, aliishi mwanamke aliyekuwa fundi wa astrolabu, chombo cha kupimia mahali pa nyota, katika zama za Sayf al-Dawla. Ibn al-Nadim alimtaja katika kitabu chake al-Fihrist, mwaka 987, kwa jina la al-Ijliyya, kwa maneno machache tu. Leo watu humwita Mariam na kumpamba kwa sifa nyingi, ilhali hata jina hilo halimo kitabuni. Waandishi wa zama zake wangemwandika kwa ukamilifu, tusingehitaji kubuni.

Kwa hiyo tunasema: vituo na vifungue milango yao jioni, na wananchi wazione nyota, maana ni jambo jema. Lakini anayeandaa usiku wa kumheshimu mwanamke kama huyu ana wajibu wa namna mbili. Wa kwanza ni kuisimulia habari yote, ugunduzi pamoja na mlango uliofungwa. Wa pili ni kumtazama msichana aliyesimama kwenye foleni ya darubini usiku ule, na kujiuliza: ana usafiri salama wa kurudi nyumbani? Ana mwalimu wa fizikia? Na chuo anachokitamani, kina nafasi yake, na hata choo chake? Vera Rubin mwenyewe hahitaji tena sarafu wala kituo. Anayehitaji ni huyo aliye kwenye foleni.

Wabillahi tawfiq.